Nani Atamwitikia Gwakisa

Katika kizuizi cha mwisho hapakuwa na askari. Palikuwa na nguzo mbili za chuma cha kijivu, ndefu kuliko mtu, na katikati yake njia nyembamba ya zege. Daktari Ambakisye Mwaisumo alishuka garini, akanyoosha koti lake, akapita katikati ya nguzo hizo kwa mwendo uleule aliofundishwa akiwa kidato cha kwanza: kifua mbele, mikono imelegea, hatua haikimbii wala haisiti. Nguzo zilimsoma. Zilipima joto la uso wake, kina cha pumzi yake, uzito alioutua juu ya kila unyayo na namna vidole vyake vilivyokaa. Kisha sauti tulivu ya kiume ikatamka:

"Ambakisye Mwaisumo. Amani. Pita."

Aliridhika. Sauti ile aliichagua mwenyewe, kama alivyochagua chuma, umbali kati ya nguzo na nguzo, na kila kanuni iliyokuwa ikifanya kazi ndani yake. Watu walikuwa wakiiita kazi hiyo Pazia, naye hakuwahi kulipinga jina hilo, ingawa kwenye michoro yake ilikuwa na jina refu zaidi.

Katibu Zefania Kalonga wa Wizara ya Ulinzi, aliyefuatana naye tangu mji mkuu, hakupita katikati ya nguzo. Alizunguka kwa lango la pembeni lililotengwa kwa viongozi, akisema kwa mzaha kwamba presha yake ilikuwa imepanda kwa kona za mlimani na hakutaka kuitia mashine majaribuni.

Upande wa pili alisimama Meja Kissa Mwalyego, kamanda wa kituo, mwanamke mrefu ambaye kofia yake ilishuka hadi kwenye nyusi. Alipiga saluti, akawaongoza hadi kwenye ukuta wa kutazamia, akawaacha watazame bila kuwaeleza neno, kama wafanyavyo watu waliozoea kuona wageni wakinyamaza mahali hapo hapo.

Mbele yao ulitanda Ukanda wa Lusongo. Huku palikuwa Tarangwe ya Kusini, kule Tarangwe ya Kaskazini, nchi iliyokuwa moja kabla vita vya ndugu havijaikata vipande viwili. Kila upande ulikuwa na seng'enge, mahandaki, mizinga iliyofunikwa maturubai, na vijana waliokuwa wakitazamana kwa darubini tangu wakiwa hawajaota ndevu. Katikati hapakuwa na mtu. Palikuwa na michai iliyoachwa bila kupogolewa hata ikawa miti, ukungu uliotambaa chini yake, na safu za nguzo za kijivu zilizoshika njia ya zege kulia na kushoto. Ndani ya michai hiyo yalisimama majengo ya shule. Bwalo lilikuwa upande wa kaskazini, mabweni upande wa kusini, na kati yake mnara wa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa imeng'olewa ulimi kwa makubaliano ya majeshi mawili, kwa sababu siku moja upepo uliipiga, na pande zote mbili wakakimbilia mizinga.

"Mimi nililala pale," Ambakisye alisema, akionyesha bweni lisilo na paa. "Kitanda cha mwisho, karibu na mlango. Baridi yote ya Lusongo ilikuwa ikianza kwangu ndipo igawiwe wengine."

Meja Kissa alicheka kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayepima ardhi kabla ya kukanyaga, kama ni kweli kwamba wanafunzi wa hapo walikuwa wakiitikiana.

Ambakisye alishangaa kwamba ofisa huyo alilijua jambo hilo. Ndiyo, alimjibu, ilikuwa kweli. Kila jioni kiranja mkuu aliita majina, na mwenye jina alinyamaza. Aliyejibu ni jirani yake wa kitanda. Maneno yalikuwa hayo hayo tangu shule ilipoanzishwa: Yupo, nami nasimama kwake. Ukimwitikia mtu ambaye hakuwapo, mlifyeka uwanja pamoja Jumamosi nzima. Jina la kiranja mwenyewe liliitwa mwisho, na aliyemwitikia alikuwa yule mtoto wa kitanda cha mwisho. Kwa mwaka mzima, kwa hiyo, Ambakisye mdogo aliyetetemeka kwa baridi ndiye aliyemdhamini Kiranja Gwakisa, mtu aliyeogopwa kuliko mkuu wa shule.

"Desturi hiyo ilitufanya watu," alisema.

Meja akafungua kinywa kutaka kuongeza jambo, lakini Katibu alikuwa tayari amekwisha kutangulia kuelekea chumba cha uongozi.

*

Tangu siku ya kwanza Pazia lilikuwa likihukumu tu. Liliposoma mwili wa mtu likatamka amani, mtu alipita. Lilipotamka shari, lilimwita jina mara tatu na kumwamuru arudi, na kati ya mwito na mwito likampa nafasi ya kugeuka na kuondoka bila kukimbia. Baada ya mwito wa tatu bunduki zilizofichwa ndani ya nguzo zilikuwa tayari. Lakini hazikuweza kupiga mpaka ofisa wa zamu aweke kidole chake. Leo kidole hicho kilikuwa kinaondolewa. Sheria ilikwisha kupitishwa, Kaskazini walikwisha kuarifiwa nao hawakujibu, na kilichobaki kilikuwa dole gumba la mbunifu juu ya kibao cheusi, chepesi, chenye ukubwa wa daftari la mwanafunzi, kilicholazwa mezani mbele yake.

Katibu Zefania alikuwa na hoja nzuri, na alizipanga vizuri. Ofisa husinzia. Ofisa huhongwa, huogopa, hupenda. Pazia halina shemeji ng'ambo ya mpaka. Aliwasha kioo kikubwa cha ukutani akaonyesha muhtasari wa miaka yote: mamia ya mashauri ya shari, yote yakiwa yamefungwa chini ya kichwa kimoja, shari iliyozuiwa. Hakuna aliyekufa. Hakuna nguzo iliyovunjwa.

"Halijawahi kukosea," alisema. "Hata mara moja, Daktari. Mimi sijui mtu wa namna hiyo."

Meja Kissa alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliomba kusema, akasema kwamba leo ilikuwa Siku ya Makaburi, siku ambayo wenye ndugu waliozikwa katika uwanja wa shule huruhusiwa kuja mmoja mmoja. Kwamba mgeni wa kwanza alikuwa njiani. Na kwamba angemwomba Daktari asitie dole mpaka mgeni huyo awe amekwenda na kurudi. Katibu akadakia kwamba ndiyo sababu hasa siku hii ilichaguliwa, Waziri alikuwa akitazama kutoka mji mkuu.

Ambakisye alimtazama yule ofisa. Aliona heshima usoni pake, na nyuma ya heshima kitu alichokidhania kuwa woga wa mtu anayeogopa kupoteza kazi.

"Meja," alisema kwa upole, "kazi iliyosimama imara miaka yote hii haitaanguka kwa sababu ya mgeni mmoja." Akaweka dole gumba juu ya kibao.

Pazia likatamka kwamba amri imepokelewa.

Mgeni akaonekana kwenye kioo karibu mara moja, akitokea langoni mwa Kaskazini. Alikuwa mzee mwenye mabega mapana, mikono mitupu, shati jeupe lililofungwa hadi shingoni. Alitembea kama mtu anayekwenda kumkabili mwizi wake. Ngumi zilikuwa zimekunjwa, visigino viligonga zege, na shingo ilikuwa imevimba mishipa. Nguzo za kwanza zilimsoma.

"Gwakisa Mwasomola. Shari. Rudi ulikotoka."

Mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Ambakisye alisimama, kwa sababu alilitambua jina kabla hajalitambua lile umbo. Na Meja Kissa, bila haraka yoyote, kama mtu anayeinuka kwenda kufunga dirisha mvua inapoanza, alisawazisha kofia yake akashika kitasa. Mlango haukufunguka.

Katibu akamkumbusha kwamba kwa utaratibu mpya hakuna ofisa anayeingia Ukandani. Mlango sasa ulifunguka kwa kadi ya Wizara tu, nayo ilikuwa mfukoni mwake.

"Daktari," Meja alisema, na safari hii hakuomba kusema. "Mzee huyu huja na hasira kila mwaka kama wengine wanavyokuja na maua. Kila mwaka Pazia humwita shari. Na kila mwaka mmoja wetu hutoka, akatembea naye bega kwa bega hadi kwenye kaburi la mdogo wake, akamngoja ang'oe majani, akamrudisha. Si yeye peke yake. Wenye hofu, wenye homa, mama aliyefiwa juzi, wote huitwa shari."

"Rekodi inasema shari imezuiwa," Ambakisye alisema.

"Rekodi hiyo ni miguu yetu."

Akamweleza kwa maneno machache. Kamanda wa kwanza wa kituo alikuwa amesoma katika shule hiyo ya Lusongo. Aligundua kwamba bunduki za Pazia hushuka zenyewe mtu aliyehukumiwa amani anaposimama umbali wa mkono kutoka kwa aliyehukumiwa shari. Akawafundisha maofisa wake kutoka nje, akakiita kitendo hicho kuitikia. Makao makuu yalikataza. Waliendelea, kila kamanda akimrithisha mwenzake, wakijua kwamba siku ikijulikana watakwenda mahakama ya kijeshi.

Ambakisye hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kanuni ile ya umbali wa mkono aliiandika yeye, kwa ajili ya kuwalinda askari. Na ni yeye aliyeamua kwamba shauri lolote la shari lililokwisha bila madhara lihesabiwe kuwa Pazia limeamua sawa. Mashine yake ilikuwa imekosea mara mamia, na kila mara mtu alitoka baridini kuisahihisha, nayo ikajiandikia alama ya ushindi. Alimkumbuka mwalimu wake wa hisabati, aliyekuwa akiweka sifuri kubwa nyekundu juu ya jibu sahihi lisiloonyesha njia. Leo yeye, mwanafunzi bora wa mwalimu yule, alikuwa ametia dole juu ya jibu tupu, bila njia.

Aliona na jambo jingine, nalo lilimchoma zaidi. Ule mtindo wa kuita majina aliuchukua wapi, kama si Lusongo? Aliichukua sauti ya mwitaji. Mwitikiaji alimwacha.

Alikandamiza dole tena kwenye kibao ili aitengue amri. Pazia likajibu kwamba shauri liko wazi, amri haipokelewi. Hilo pia alilitunga yeye, ili asitokee mtu wa kulipokonya bunduki katikati ya hukumu.

"Atageuka," Katibu alisema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Amesikia onyo. Mtu yeyote mwenye akili atageuka."

"Huyo?" Ambakisye alisema. "Huyo ndiye aliyekuwa akituita sisi."

Chini ya ngazi, pembeni mwa chumba hicho hicho, palikuwa na mlango mwembamba wa fundi, usiofunguka kwa kadi ya mtu yeyote, ila kwa dole gumba lake. Alipokuwa akiinama kupita, alisikia kupitia ukutani Pazia likiita mara ya pili.

*

Hakukimbia. Anayekimbia Ukandani huwa shari kabla hajamaliza hatua ya tatu. Alitembea mwendo wa paredi, huku umande wa michai ukimlowesha mikono ya koti, na nguzo zikimsoma moja baada ya nyingine na kumwacha. Hakuwa na hofu. Alijua alichopaswa kufanya, akajua kwa nini, na mwili wa mtu wa namna hiyo hauna la kuficha. Katika ngome za pande zote mbili darubini ziliinuka.

Walikutana chini ya mnara wa kengele. Ambakisye alisimama kama umbali wa hatua moja, visigino pamoja.

"Shikamoo, Kiranja."

Mzee alisimama. Macho yake mekundu yalimpima kuanzia viatu. "Nani wewe?"

"Ambakisye. Kitanda cha mwisho."

"Yule aliyekuwa akilala na soksi kichwani."

"Palikuwa na baridi, Kiranja."

"Palikuwa na baridi kwa wote. Soksi kichwani ulivaa peke yako." Pumzi ya mzee ilikuwa ikitoka kwa nguvu puani. "Nilisikia kwamba wadudu hawa wa chuma ni wako. Nikawaambia watu mnamsingizia, Lusongo haikuzaa mtu wa hivyo."

"Hawakunisingizia."

"Mdogo wangu Asajile amelala pale." Ngumi yake ilielekea nyuma ya mabweni. "Alikuwa akipeleka maji kwenye mahandaki yote mawili, yenu na yetu, mpaka walipompiga, wala hatukujua ni nani kati yenu na sisi. Kila mwaka nakuja kumng'olea majani. Na kila mwaka nguzo yako inaniuliza kama mimi ni mtu mwema. Mimi. Katika shule yangu."

Ambakisye alisikia damu yake mwenyewe ikianza kupanda, kwa aibu, akajua kwamba aibu ina joto kama hasira. Akaishusha pumzi yake taratibu mpaka tumboni. "Sogea, Kiranja. Bega lako liguse langu."

"Kwa nini?"

"Pazia litakuita mara ya mwisho. Wewe hujibu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mzee akasogea, si kwa kumtii, bali kama kiranja anayekubali kwamba mtoto, kwa mara moja, amekumbuka utaratibu.

"Gwakisa Mwasomola," Pazia lilitamka. "Shari."

Bunduki zilijitokeza katika nguzo nne kwa sauti ndogo ya mafuta. Ambakisye aliinua kidevu.

"Yupo. Nami nasimama kwake."

Pazia halikuwa na sikio la jibu hilo. Lilichopima ni umbali kati ya miili miwili, na utulivu wa mmoja wao.

"Ambakisye Mwaisumo. Amani. Shauri limesimamishwa."

Midomo ya bunduki ikainama kuelekea ardhini.

"Marahaba," alisema Gwakisa.

Ambakisye hakujiruhusu kucheka. Alifungua kifuniko cha simu ya mafundi kwenye nguzo iliyokuwa karibu, bila kuondoa bega lake, akamwita Katibu. Simu hiyo ilisikika katika vituo vyote, na hakuwa na shaka kwamba Kaskazini pia walikuwa wakisikiliza. Alimweleza kwamba shauri likiwa limesimamishwa Pazia hupokea amri, na kwamba alitaka kuliondolea mamlaka aliyolipa asubuhi ile.

"Kibao kiko kwako, Ndugu Katibu. Dole gumba liko kwangu. Kilete."

Katibu alimtaka arudi yeye. Ambakisye akamjibu kwamba akirudi, mzee anabaki peke yake. Basi mzee arudi Kaskazini, akasema Katibu. Mzee, Ambakisye akajibu, ana ruhusa ya nchi mbili ya kufika kaburini, na atafika.

"Mimi si askari, Daktari."

"Pazia halidai askari. Linadai mtu. Umeniambia leo kwamba halijawahi kukosea. Nami pia nililisema hilo kwa kidole changu. Mimi nimeshaingia. Njoo."

Gwakisa, aliyekuwa akisikiliza, alitoa mguno mfupi wa mtu aliyewahi kuona viongozi wengi.

Katibu aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya Wizara. Alimkumbusha Daktari kwamba amevunja amri mbele ya Waziri, kwamba kazi hiyo yote yaweza kutolewa mikononi mwake, na kwamba kuna sheria kwa watu wanaoingia Ukandani bila idhini.

"Andika hayo yote," Ambakisye alisema. "Andika na hili, kwamba mbunifu alitia dole bila kuuliza njia, na kosa ni lake, wala si la Meja Mwalyego na maofisa wake. Hao ndio waliolifanya Pazia lisiue. Nitalisema hilo mbele ya mahakama yoyote, nimesimama, kwa sauti. Ila usiandike kwamba halijakosea."

Akafunga kifuniko.

Walisubiri. Ukungu ulipanda hadi magotini. Mzee aliuliza, bila kumtazama, kama ni kweli bwalo liliungua, na Ambakisye akamwambia paa tu, meza za mawe zipo. Mzee akasema uji wake ulikuwa mbaya. Ambakisye akasema ulikuwa mbaya sana.

Ndipo mlango mkubwa wa kituo ulipofunguka. Meja Kissa alitoka peke yake, kofia ikiwa sawasawa, kibao kikiwa kwapani, akatembea kwa mwendo wa mtu aliyepita njia hiyo mara nyingi. Nguzo zilimsoma, na zote zilitamka neno lilelile moja.

"Katibu aliiweka kadi mezani," alisema alipofika, "akageukia dirishani. Hakunipa, wala hakunikataza."

Akamnyooshea Daktari kibao kwa mikono miwili. Ambakisye alinyoosha dole.

"Kifungo," alisema Gwakisa.

"Kiranja?"

"Kifungo cha juu kimefunguka. Huwezi kufanya jambo kama hilo mbele ya Asajile ukiwa hivyo."

Ambakisye akafunga kifungo chake. Kisha akaweka dole gumba juu ya kibao na kulikandamiza, na Pazia likatamka kwamba amri imepokelewa na kwamba kuanzia sasa linasubiri kidole cha ofisa wa zamu, ambaye alikuwa amesimama pale kwenye umande akiwa na kibao mkononi.

Walianza kutembea watatu kuelekea nyuma ya mabweni, mzee katikati. Hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo, na hapakuwa na sababu ipungue. Walipofika nguzo zilizofuata, zilimsoma upya.

"Gwakisa Mwasomola. Shari."

"Yupo," Ambakisye na Meja wakasema pamoja, bila kusimama.

"Kwa sauti," alisema kiranja mkuu wa Lusongo. "Walio nyuma hawajasikia."

Ambakisye akajaza kifua hewa ya baridi, akamwitikia tena, kwa sauti iliyofika kwenye mahandaki yote mawili.